Kikwembe ya Muntu Moya

Lubumbashi, huku ku Annexe

Yaya Philomène, mukubwa yangu,

Mbele ya yote nakupigia magoti, hata kama haunione. Unaamuka je? Mvua ya huko ilishaanza, ao mungali munaangalia juu? Na mihogo ya pa shamba ya mama, nguruwe ya pori ilikuachia hata kidogo? Shiye huku tunapumua. Mwili yangu iko na nguvu. Juzi kijana moya alinipita na kinga, baiskeli yake, tulipofika pa kilima nilimupita na miguu, nikamusalimia. Unanijua.

Nakuandikia ku karatasi juu simu ya Mitwaba inakatika katika, na mambo ya haya, muntu akiisema mu simu, reseau ikikatika anashukuru Mungu. Sitaki kushukuru Mungu kwa ile njia.

Najua dereva wa lori ya mahindi alishakupatia kipande ya habari, kama kazi ya Clarisse, mutoto yako, iliharibika. Kipande yenye ilibakia iko na miye, juu ni miye nilimuharibia. Nataka uisikie mu kinywa ya mudogo yako. Na kisha kuko kintu nitakuomba.

Unakumbuka barua ya mwaka yenye ilipita. Nilikuambia niko gérant, musimamizi wa butike ya mutoto, eti bila miye mulango haifunguke. Eti muzungu moya wa nyumba kubwa ya nguo ya Ulaya alikuya kuniuliza siri ya biashara, akaandika maneno yangu mu kitabu. Ile ya muzungu ilikuwa kweli nusu. Alikuya. Aliuliza choo iko wapi.

Kazi ya Clarisse haukuionaka na macho. Anachora ku karatasi, fundi anachonga ile mchoro ku mbao, ile mbao banaipaka rangi na kuipiga ku kitambaa ya kikwembe. Kisha yeye mwenyewe anashona na mukono shanga za majiwe ya kijani, zile za Kambove, moya moya, mupaka vidole vinavimba. Kikwembe moya, mama moya. Ikiisha, mbao inaenda ku moto. Hata ulie, hakuna ya pili. Bamama bakubwa ba huu muji balikuwa banangojea miezi mitatu, na banangojea na furaha.

Miye niliona ni wazimu. Bantu banapiga hodi na njaa, weye unapika sahani moya? Nilimuambia, mutoto, toa mingi, uza mingi. Alinijibu pole pole, namna yake ya kuvuta maneno:

“Tonton, habalipe kitambaa. Banalipa mulango yenye inafungwa nyuma yabo.”

Nilicheka. Nilimuambia hata bapadri banavaa sawa sawa na Mungu anabajua kila muntu na jina yake. Nilikuwa nimefurahia ile jibu sana, niliirudilia pa njia yote ya kurudi ku nyumba.

Basi, mwisho wa kiangazi alienda Lusaka kuonyesha bikwembe byake, juma mbili. Aliniachia funguo na neno moya tu: mbao ya Mama Ntumba, ile yenye mchoro ya mizizi ya muti, niiunguze mbele juma iishe. Mama Ntumba ni bibi wa mukubwa moya wa biashara, bantu ba Kasai, mama yenye alisoma, anasemaka Kifaransa kama radio. Ile kikwembe alikuwa ameshaibeba, ya kuvaa ku arusi kwenye alikuwa marraine, mama musimamizi wa bibi arusi.

Siku ya tatu naona bashangazi bane banaingia, ba upande wa bibi arusi. Mama Ntumba alibaonyesha kikwembe yake mu telefone, na balikuwa na wazo. Balisema, Papa, ule mama anatusimamilia mutoto, tunataka kumupatia heshima, familia yote ivae kama yeye.

Sasa Yaya, weye ungekatala? Kwetu ukipenda muntu, unavaa nguo sawa na yake. Ku matanga ya baba tulivaa bote, ilibakia kidogo hata mbuzi baivalishe. Nilisema ndiyo hata habayamaliza kusema. Mbao ilikuwa pale, ingali na rangi. Niliita bafundi, na miye mwenyewe nilipiga na mikono mbili mara moya, bikwembe makumi sita mu siku ine, hakuna muntu mwingine Lubumbashi muzima mwenye angeweza. Bila shanga, ndiyo. Lakini nilijiambia, kwa mbali jicho haihesabu shanga.

Pa arusi baliniketisha mbele. Mama Ntumba alipoingia, bantu makumi sita balisimama, bamama, batoto, mupaka muntu wa ngoma, bote na mizizi ya muti, bakapiga mpundu, vigelegele mupaka juu. Niligeuka kumuangalia, nione namna atafurahi. Alisimama pa mulango. Alishika kikwembe yake pa kifua, namna muntu anashika mufuko akisikia kuko mwizi. Kisha akaomba bwana yake koti. Akaivaa juu, na mu ile joto akabakia nayo mupaka keki ikakatwa.

Clarisse aliporudia hakunitukana. Ingekuwa muzuri kama angenitukana. Alikaa pa meza, akangojea. Na bamama balikuya kweli, moya moya, lakini si ya kununua. Kila muntu anauliza, sauti ya chini: mbao yangu miye, iliungua kweli? Clarisse anaapa. Banasema asante, banaenda.

Na miye, kwa kutaka kutengeneza, nikaongeza kuni. Siku yenye Clarisse alienda ku misa, nilitundika kibao pa mulango, herufi kubwa, nyekundu: PROMOTION. Nilijiambia bei ikishuka, batarudia. Mama moya mwenye alikuwa angali mwaminifu alisimamisha motokari, akasoma bila kushuka, akaenda. Yule njo alikuwa wa mwisho.

Nilichukua kuku na muzee moya wa kanisa, nikaenda kuomba musamaha kwa Mama Ntumba. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Alitupatia viti, alitupatia fanta, akaniacha nieleze mambo ya heshima na desturi mupaka nikachoka. Kisha akasema:

“Papa, niko na bawifi kumi na moya. Ku arusi tunavaa sawa. Ku matanga tunavaa sawa. Ku kanisa tunavaa sawa. Sikukatalaka hata siku moya. Nilitaka mara moya tu, muntu aulize, yule mama ni nani.”

Yaya, miye mwenye nanyamazishaka polisi wa barabara, nilikunywa ile fanta mupaka chupa ikalia. Kuku aliipokea, juu ya heshima ya muzee.

Sasa butike imejaa. Bantu ba kwaya, ba shule, bafamilia ba matanga, bote baliona ile arusi na banataka uniforme. Nikikuambia mustari inafika ku njia ya reli, safari hii si bwongo, ao ni kidogo tu. Muntu wa inje anaweza kusema miye, Banza, nilishinda. Lakini Clarisse hachore tena. Anapima, anakata, anaandika hesabu ya bantu. Meza ya kuchora alitia juu yake mashini ya pili ya kushona. Ugérant aliniondoa, na hakusema neno mubaya. Siku hizi naanika bikwembe ku kamba.

Juma yenye ilipita nilimuendea, nikamuambia, mutoto, umuchoree mama yako kikwembe. Hakuinua macho.

“Bipande ngapi, Tonton?”

Nilitoka inje, nikaanika bikwembe byenye bilikuwa bimeshakauka.

Ombi yangu njo hii. Umuandikie weye, na mukono yako ao ya katekista. Miye hawezi kuniamini tena, na yeye iko na haki. Umuambie unataka kikwembe moya, ya weye peke, na mbao iunguzwe. Nakusikia kutokea huku: “Banza, nitavaa je peke yangu, na bawifi yangu bataniangalia je?” Najua. Batanuna. Batasema Philomène alijiinua. Hata vile, uvae. Uende ku kanisa, ukae mbele. Na bakikuuliza kama kuko ingine, ubaambie hakuna.

Unisalimie shemeji, bwana yako, umuambie nyundo yake ingali kwangu na inafanya kazi. Unisalimie mama mudogo wetu mwenye macho inamusumbua, na katekista mwenye pengine anakusomea hii barua, asome pole pole na asiongeze yake. Bawifi yako usibasalimie kwanza, mbele kikwembe ifike, batakuuliza mingi.

Ni miye, mudogo yako Banza, mwenye ulibebaka ku mugongo, na leo anapanda ku ile mugongo tena.