Baba Alisema Ni Kweli

Jumanne jioni, Mzenga. Mvua inanyesha tangu adhuhuri, nyepesi, ile isiyojua kuacha. Naandika hapa kwa sababu humu ndani hakuna wa kumwambia.

Leo Baba amehukumiwa miaka thelathini jela.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Baba ana miaka sabini na ushee.

Ni mkulima wa mihogo na mikorosho. Mguu wake wa kushoto umevimba muda mrefu sasa, na kwa ajili ya mguu huo alimwachia jirani yetu, Kibwana, kipande cha shamba cha bondeni alime bamia. Hakwenda kukagua. Angeshukaje kule? Askari walipofika walikuta bamia kwa mbele, na nyuma yake bangi imesimama kumpita mtu. Kibwana alikuwa ameshatoroka. Wakamchukua mwenye shamba.

Mimi naishi Pangani, Kibaha, nashona nguo; hapa Mzenga kwa wazazi nimekuja kwa ajili ya kesi. Asubuhi nilikwenda mahakamani nimejipa moyo. Nilidhani mashahidi wataitwa, mwenyekiti wa kitongoji ataeleza habari za Kibwana, mambo yatanyooka.

Hakuitwa mtu.

Hakimu ni mwanamke, mdogo kuliko mimi, ana sauti ya upole. Shtaka likasomwa: kulima bangi. Akamuuliza, "Mzee, umelisikia shtaka. Ni kweli au si kweli?"

Baba alisimama kizimbani akiegemea mbao. "Ni kweli, mama. Shamba ni langu."

Nilitaka kupiga kelele. Nilibaki nimekaa, mtandio nimeuuma kwa meno.

Mwendesha mashtaka akasoma maelezo, na kila kipengele Baba alikiitikia. Shamba ni lako? Langu. Mimea ilikutwa humo? Ilikutwa, niliiona ikibebwa. Jina la Kibwana hakulitaja hata mara moja, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza habari za Kibwana. Baba hujibu alichoulizwa, basi. Ndivyo alivyo hata nyumbani.

Ikasemwa kwamba mshtakiwa amekiri kosa mwenyewe. Akaulizwa kama ana lolote la kuomba apunguziwe adhabu.

"Mguu unaniuma, mama. Nikisimama sana unakufa ganzi."

Hakimu aliandika kitu kwenye jalada. Kisha akasema sheria haimruhusu kushuka chini ya miaka thelathini, akamwambia ana haki ya kukata rufaa.

Nje, kabla hawajampandisha kwenye gari, waliniruhusu nimsogelee. Alikuwa mtulivu kabisa, kama mtu aliyemaliza shughuli yake.

"Zaituni, nimewaeleza ukweli wote. Tunaondoka saa ngapi?"

Askari aliyemshika mkono ndiye aliyemwambia, taratibu, "Mzee, umefungwa." Baba akamtazama, halafu akanigeukia mimi, akingoja nimsahihishe yule askari.

Gari likaondoka.

Wakili mmoja niliyemkuta ukumbini alinieleza kwamba jibu kama lile la Baba lina utata, kwa kuwa alikiri shamba ni lake, si kwamba alilima bangi, na rufaa inaweza kuitengua hukumu. Ila rufaa huchukua muda, pengine mwaka, pengine zaidi. Akaniuliza afya ya mzee ikoje. Nikamweleza habari za mguu, na kifua kilichoanza kumbana akiwa mahabusu. Akafunga mkoba wake.

Nitakata rufaa. Naandika hivyo, lakini siamini kwamba Baba ataufikia mwisho wa rufaa hiyo akiwa hai.

Mama hakuja mahakamani kwa sababu ya presha. Niliporudi alikuwa amesimama mlangoni, akiangalia nyuma yangu.

"Baba yako yuko wapi?"

"Kesi imeahirishwa, Mama."

"Mpaka lini?"

"Hawajasema."

Akashika kifua kwa mikono miwili. "Alhamdulillahi. Basi hawajamfunga."

Sasa yuko jikoni anaikausha kanzu ya Baba karibu na moto, maana nje mvua haijakatika. Anataka nimpelekee, aivae siku ya kesi. Namsikia akiimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo hajalifanya tangu wamchukue.

Kukicha itabidi nimwambie. Nianze na neno gani?