Meza ya Kushindilia Risasi: Futi Nne au Saba

S.L.P. 41,
Hallam Creek, Montana.
8 Septemba 2016

Mpendwa shemeji yangu Norris,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako baridi bado inapiga hodi tu, haijakaribishwa. U hali gani? Magoti yanasemaje? Na hilo joto lenu la Yuma, limepungua au bado mnakaangwa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula, natembea, nagombana na redio. Daktari anasema shinikizo la damu limetulia. Ungeniuliza kama nina raha ningekuambia sina, lakini hukuuliza, basi tuliache hilo.

Akina Bratvold walimaliza kuvuna ngano wiki iliyopita. Mashine zao zilikuwa zikiniudhi kwa kelele kutwa, na sasa zimeondoka naona afadhali zingebaki. Kimya cha hapa kimezidi. Siku nyingine nakwenda kwenye sanduku la barua pale barabarani mara mbili, na huku najua fika kwamba mtu wa posta hupita mara moja tu.

Nakuandikia kwa sababu ya meza. Usicheke kwanza.

Unalikumbuka banda la kazi la marehemu kaka yako. Paa lake liliangushwa na theluji mwezi wa Machi, mwezi mmoja tu baada ya kumzika Merle. Meza yake ya kushindilia risasi ilinyeshewa wiki mbili nzima kabla sijajua, maana sikuwa na moyo wa kuingia mle. Nilipoingia, mbao zilikuwa zimevimba kama mkate uliolowa. Vyuma nimeviokoa: ile mashine ya mkono, mizani, vikombe vya kupimia, vyote nimevikausha na kuvipaka mafuta. Baruti na fataki za kuiwashia alikuwa ameziweka ndani ya nyumba, kila moja kabati lake, mbali na jiko. Merle alikuwa mtu wa ovyo kwa soksi zake, lakini kwa baruti hakuwa na ovyo hata chembe.

Binti yangu Renae anataka niviuze vyote. Aliniambia kwa simu, "Mama, risasi zinauzwa dukani. Unataka kujilipua kwa faida ya nani?" Anajua kusema huyo, kakurithi wewe. Nikamuuliza, duka gani? Risasi za bunduki ile ya baba yenu, wewe na Merle, hazijaonekana katika duka lolote la huku tangu yeye Renae anasoma shule ya msingi. Tusiposhindilia wenyewe, tukayajaza upya maganda yaliyokwisha kupigwa, bunduki ile inakuwa fimbo. Miaka thelathini na mmoja nimepata kulungu wangu kwa bunduki ile, na nyama yake ndiyo tunayokula mpaka theluji iyeyuke. Leo niitundike ukutani niwe naipangusa vumbi? Sitaki.

Basi nimeamua meza mpya iwe kwenye chumba cha nyuma. Nimekipima, ni futi tisa kwa nane. Sakafu yake ni mbao tupu, na hilo ni zuri, kwa sababu baruti ikimwagika kwenye zulia huiokoti tena, na zulia letu wakati wa baridi hukurushia cheche ukigusa chuma. Dirisha linatazama kaskazini, mwanga unaingia bila jua kali. Hakuna jiko humo wala mtambo wa maji moto. Kilichokuwamo ni kitanda cha wageni, na hicho ndicho kilichoniumiza kichwa, nitakueleza.

Mambo mengine ya meza nimejifunza kwa kuumia. Mwezi wa Julai sikuwa na subira, nikaifunga mashine kwenye meza ya jikoni. Shemeji, ile meza ilitembea. Kila nikivuta mkono wa mashine chini, meza inanifuata, mpaka kahawa yangu ikamwagika na tukafika sote mlangoni. Mizani niliiweka karibu na dirisha, upepo kidogo tu na sindano inacheza haitulii. Kwa hiyo sasa najua. Meza iwe nzito, ifungwe kwa misumari ya parafujo kwenye nguzo za ukuta. Uso wake uwe mbao mbili nene zilizogundishwa pamoja, upana futi mbili na robo ili mkono ufike nyuma. Mashine ikae pembe ya kulia, mkono wake upate nafasi ya kushuka bila kunigonga goti. Mizani isikae mezani kabisa, ipate rafu yake ukutani, mbali na mtikisiko. Na isimame kwa kimo changu mimi. Ile ya Merle ilikuwa ya majitu kama ninyi, nikisimama pale ilinibidi nipande juu ya kasha la matufaha.

Hayo ni ya vipimo. Sasa nikuambie lililotokea Julai, na tafadhali likae kwako.

Ulikuwa ukituona tulivyofanya kazi. Merle anapima baruti, anaimimina kwenye ganda, ananipa. Mimi namulika ndani kwa tochi, natazama kama imefika pale inapopaswa, nasema, "Naona." Hapo ndipo anachukua ganda na kuweka kichwa cha risasi. Nisiposema, haendelei, hata kama mkono wake umekwisha kufika. Kuna mwaka tulinuniana wiki nzima kwa sababu ya lile gari alilonunua bila kuniuliza, na wiki hiyo neno hilo ndilo pekee nililomwambia. Alilipata mara sitini kwa mchana mmoja, akadhani nimesamehe.

Julai nilikuwa peke yangu. Nikawa namimina mwenyewe, namulika mwenyewe, na kusema mwenyewe. Nilishindilia hamsini. Nilipomaliza nikazipanga, nikaona fahari kidogo, nikakaa. Ndipo nikagundua kwamba nakumbuka kusema lakini sikumbuki kutazama. Mdomo ulikuwa kazini na macho hayakuwepo. Nilikuwa naongea na Merle, Norris. Nilikuwa namweleza habari za paa.

Nikazivunja zote. Kung'oa kichwa cha risasi moja moja na kuimwaga baruti ni kazi ya kuchosha kuliko kuijaza, ilinichukua siku mbili. Arobaini na nane zilikuwa sawasawa. Moja haikuwa na baruti hata punje. Na moja ilikuwa imepata mara mbili. Unajua kwamba kwa ajili ya bega langu Merle alinitengenezea kipimo chepesi, kisichofika nusu ya ganda. Ndiyo maana kikiingia mara mbili hakimwagiki kikakushtua, kinatulia humo kikikungoja. Ile ningeifyatua mwezi wa Oktoba, bunduki ingepasuka mbele ya jicho langu. Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni nikalia mpaka nikachoka. Renae sikumwambia. Nakuambia wewe, na likimfikia, utanitambua.

Jumatatu Duane Bratvold alikuja kunipimia chumba, maana ndiye atakayeikata meza. Nilimweleza nusu tu ya habari, naye si mjinga, nusu nyingine akaijaza mwenyewe. Akasema watu wanaoshindilia peke yao hutumia ubao wenye matundu hamsini. Unasimamisha maganda yote, unayajaza yote, kisha unaweka baruti kando na kuyamulika yote kwa pamoja kabla ya kugusa kichwa hata kimoja. Lililozidi au kupungua linajionyesha katikati ya wenzake. Kwa kazi hiyo futi nne zinatosha, stuli moja, na kitanda cha wageni kinabaki mahali pake.

Nikamwambia mimi nilifikiria futi saba. Akanitazama akasema, "Bi Idella, mtu mmoja kwa futi saba? Unashindilia risasi au unaandaa harusi?" Nilicheka sana. Alipoondoka nikaona sicheki tena.

Futi saba ni za watu wawili, shemeji. Stuli mbili, kitanda kinatoka. Na sababu ya kufikiria watu wawili ni wewe.

Siku ya mazishi, pale ukumbi wa kanisa, ukiwa na sahani ya viazi mkononi, uliniambia mbele ya watu: "Oktoba nakuja. Nitakaa mahali pa Merle, tutashindilia pamoja, tutapanda mlima pamoja." Ukarudia Aprili kwenye simu. Ukarudia Juni. Kila mara nilikuamini, na nitakuambia ukweli, nilikuamini kwa sababu nilikuwa nahitaji kuamini kitu.

Mwezi uliopita mwanao Lynette alinitumia kadi ya siku ya kuzaliwa. Mtoto ana adabu, aliijaza habari mpaka pembeni. Humo ndani, katikati ya habari za mbwa na za mtaa wenu, kaandika kwamba uliuza bunduki yako mwezi wa Machi kwa sababu magoti hayapandi hata ngazi za maktaba. Machi, Norris. Mwezi mmoja baada ya viazi vile. Na Aprili ukanipigia ukaniahidi tena.

Nilikasirika. Nilikutukana humu jikoni peke yangu, matusi mazuri mazuri, ya kwetu na ya kanisani. Siku tatu sikutaka kuliona jina lako. Kisha hasira ikapungua nikaona ni aibu tu iliyokushika. Mwanamume wa ukoo wa Sandvik hawezi kusema magoti yamekwisha. Merle naye alikuwa hivyo hivyo, maumivu ya kifua alisema ni kiungulia mpaka siku ya mwisho.

Lakini nani kakuambia nataka miguu yako? Miguu ninayo. Mlima nitaupanda mwenyewe, polepole, na kulungu Duane atanisaidia kumshusha. Ninachokosa ni macho ya pili pale mezani, na Lynette anasema yako bado mazima, eti unasoma gazeti bila miwani ili uwachokoze wenzako. Kumulika ganda hakuhitaji goti. Unakaa, unatazama, unaniambia nimekosea au nimepatia. Kunikosoa unakuweza, hilo hujawahi kulisahau.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema ukweli, niumalize. Ubao wa Duane unaweza kuifanya kazi hiyo. Sina haja ya mtu ili nisilipuke. Nina haja ya mtu wa kunijibu. Tangu Februari nasema maneno humu ndani na hayaendi popote. Nimeyachoka maneno yangu mwenyewe.

Duane anakuja Jumamosi na msumeno. Nimemwambia akate saba. Ameguna, lakini atakata. Hoja yangu ni moja: ubao mrefu hufupishwa, mfupi haurefuki. Kama huji, niambie mwenyewe, kwa mdomo wako, usiniachie niokote kwenye kadi ya mtoto. Nitachukua msumeno nikate futi tatu zilizozidi, nitanunua ubao wa matundu, na maisha yataendelea. Sitakufa kwa hilo. Ila usiniambie tena utakuja kama huji. Hilo sitaliweza mara ya nne.

Nisalimie Lynette na mumewe, na yule mbwa aliyepanda cheo mpaka akaandikwa kwenye kadi. Renae anakusalimu, anasema umpigie, lakini kumbuka nilichokukataza. Duane na mkewe wanakusalimu pia. Mchungaji aliniuliza habari zako Jumapili nikamwambia unaota jua kama mjusi.

Limebaki jambo moja. Utajiuliza utalala wapi, maana kitanda cha wageni nimeshawapa watu wa kanisa, wamekuja kukichukua jana. Utalala chumbani kwetu. Usianze maneno yako, na wala usione haya kwamba utanitoa. Shuka ni safi, nilizitandika siku ya mazishi jioni, na hakuna aliyezilalia. Mimi nalala kwenye kochi tangu siku hiyo.

Mungu akupe nguvu za magoti, na ukweli wa mdomo.

Ni mimi shemeji yako akupendaye, hata siku zile tatu,

Idella Sandvik