Mwalimu Aliyetetemeka Mahabusu

Jumatatu, 3 Machi
Zamu ya asubuhi. Nimepokea mahabusu sita, nimesaini. Mpya ni mmoja: Mwalimu Ladislaus, mstaafu wa Bunju. Kaletwa jana jioni, kampiga jirani chupa. Mpole. Mikono inamtetemeka. Nadhani ni aibu.

Jumanne, 4 Machi
Hajala. Jasho linamtoka, anatapika. Mkewe kaleta uji, kanivuta pembeni. Anasema mumewe hunywa gongo kila siku, miaka na miaka. "Akikatishwa ghafla atakufa, mwanangu. Kaka yake alikwenda hivyo hivyo."

Nimemweleza Sajenti wa zamu. Kasema wakishafungiwa wote huumwa.

Naogopa. Mwaka jana yule fundi friji alifia mikononi mwetu. Niliandika kitabuni "hali nzuri" bila kufungua mlango. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi kaongea na ukuta. Anaita majina ya wanafunzi, anakung'uta siafu ambao hawapo. Wenzake wamejibanza kona moja. Nimeomba gari. Halina mafuta. Nimeomba fomu ya matibabu. Sajenti kasema tumsubiri mkuu wa kituo. Mkuu yuko kikaoni.

Saa tano kaanguka kifafa. Nilimlaza ubavu.

"Afande, akifa nitaandika kwamba tuliambiwa tangu jana."

Sikuamini ni sauti yangu. Sajenti kanitazama. Kisha kajaza fomu. Tumempeleka kwa bajaji. Njia nzima nimehesabu pumzi zake.

Daktari kauliza kwa nini siku ya kwanza hatukumuuliza anakunywa kiasi gani. Hatuulizagi.

Alhamisi, 6 Machi
Sajenti haongei na mie. Kupiga hospitali siwezi. Naogopa watakachoniambia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimehamishiwa getini. Kabla ya kukabidhi funguo nimemwomba mwenzangu amuulize kila anayeingia: unaumwa nini, unameza dawa gani, unakunywa? Kacheka. Lakini nimemsikia akimuuliza wa kwanza.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda wodini baada ya misa. Yu hai. Mguu mmoja una pingu, askari kakaa mlangoni. Mkewe kanipa kiti. Mwalimu hanikumbuki hata kidogo. Kauliza mie mtoto wa nani. Nimemtajia baba. Hamjui.

Nimemmenyea chungwa. Kala lote, polepole, mbegu akizitemea kiganjani mwangu.