Kipimo ya Akili ya Roho

Siku ya kwanza ya juma, 8/3/1993
Badibanga, mukubwa wangu mu biro ya kupima bafanyakazi, aliniita. Ni psikologe, fundi wa kusoma akili ya bantu. Mwaka muzima anatafuta kupima kitu anaita akili ya roho. Eti akili ya hesabu tunapima, ya mikono tunapima, lakini ile inasaidia muntu apate maana mu mateso, hakuna. Aliandika maulizo makumi ine. Bafanyakazi mia mbili balijibu, na mi pia. Pointi yangu: 31 juu ya mia.
Nilimuuliza: roho yangu unaipima na nini, tata?
Alijibu polepole, kama padri: hapimi roho, anapima namna minaitumikisha.
Minachukia ile sauti.

Siku ya ine, 11/3
Nilimwambia kipimo yake ni mubaya. Ukiandika "minasali kila siku", unapata pointi tano. Muwongo ndiye atapita bote. Alisema nina haki, akaandika mu kaye, ile daftari yake. Hata hasira yangu anaigeuza kazi yake.

Siku ya kwanza ya juma, 22/3
Bantu banaimba mu barabara: Bakasai, bantu ba Kasai, barudie kwabo. Badibanga ni Mukasai, lakini alizaliwa hapa Kolwezi. Sasa iko ku gare na bibi na batoto, chini ya bashi ya plastiki, banangoja treni. Aliniachia funguo ya kabati ya majibu. "Ulinde makaratasi, Mbayo. Kuko majina."
Nilifurahi. Hakuna mwenye atasoma hii, basi minaandika: nilifurahi. Nilikaa mu kiti yake.

Siku ya tatu, 24/3
Vijana ba komite ya kufukuza Bakasai balifika. Banajua ulizo ya tisa: "Bankambo yako balizikwa wapi, na unabakumbuka namna gani?" Badibanga alitaka kujua kama muntu anashika mizizi yake. Bao banataka jina ya mugini tu. Mwenye aliandika Kasai, afukuzwe.
"Weye ni muntu yetu," balisema.
Nilibaambia barudi kesho. Sijui juu ya nini.

Siku ya ine, 25/3
Balirudi. Biko inje ya mulango, banavuta sigara. Minaandika kusudi baone mu kioo ya dirisha minafanya kazi.
Nilifungua kabati, nikatafuta karatasi moja tu. Yangu. Nkambo, baba ya mama: Luputa, kule Kasai. Niliandika mi mwenyewe. Niliikunja, nikaitia mu soksi.
Tshibola, mama wa kupiga mashini, aliona yote toka ku meza yake. Hakulia. Aliuliza tu: "Na yangu, tata Mbayo?"
Karatasi mia mbili, bila mupango ya majina. Banagonga. Tshibola anasimama, anakuja ku kabati, ananyoosha mukono juu ya kupata funguo, na mi minamupa.