Hamsini Iliyosomeka Sita

Mtopanga, Kisauni

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeamka mzima, na lile goti limekupa ruhusa ya kwenda shambani. Mimi afya ninayo, alhamdulillahi, ila nina hasira mpaka chakula hakipiti. Ningekupigia simu, lakini simuni nikisema maneno matatu tu, wewe unaanza kunitetea. Hili nataka ulisikie lote kwanza. Nimempa barua hii na kifurushi jirani anayerudi huko Faza, akukabidhi mkononi.

Mama, nimeitwa mwizi. Nimeitwa hivyo barazani kwa Mzee Bakari, baba yake Rukia, yule msichana ambaye Ami anakuja kuniposea wiki ijayo. Tena mbele ya majirani waliotoka kuswali alasiri.

Wajua kazi yangu ni kufunga nyaya za intaneti majumbani, huku Mtopanga na kule Kiembeni. Ya Mzee Bakari nilifunga mwenyewe, nikapanda na kushuka ngazi juani, nikaunyoosha waya ukutani kuliko nyumba nyingine yoyote, kwa sababu nilijua ni nyumba ya nani. Huduma aliyochukua ni ya kasi ya hamsini. Sasa wiki iliyopita Hamadi, kaka yake Rukia, alikuwa akishusha video ya harusi kwenye kompyuta, akaona kasi imeandikwa sita. Akatoka nje, akaona waya wa jirani umepita ukuta ule ule, akakata shauri kwamba nimemchotea jirani arobaini na nne. Mtu mzima, ana diploma.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Kampuni za mtandao hutangaza kasi kwa megabiti. Kompyuta ikishusha kitu, huhesabu kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Basi hamsini ya kwenye tangazo uigawanye kwa nane, upate sita na kidogo. Hakuna aliyechota chochote.

Pale barazani nilimwomba mama yake Rukia aniletee kibaba anachopimia fitra, na mchele, na sufuria. Nikamimina vibaba nikihesabu kwa sauti, cha nane kikaijaza sufuria mpaka ukingoni.

"Kibaba ndiyo biti, sufuria ndiyo baiti," nikamwambia Mzee Bakari. "Vibaba hamsini vitajaza sufuria ngapi?"

"Sita, na viwili vya kubaki," akajibu papo hapo. Mzee huyu alikuwa karani wa mizani bandarini hadi alipostaafu, hahitaji kalamu. Hamadi akainamisha kichwa. Nikajua nimeshinda, Mama, nikaanza hata kungoja kuombwa radhi.

Mzee akaniuliza, "Siku ulipokuja kufunga waya, hesabu hii ulikuwa waijua?"

"Nilikuwa naijua, Mzee."

"Nalikuuliza, hamsini ya nini? Ukanijibuje?"

Nilikumbuka vizuri. Nilimjibu, "Ni hamsini tu, Mzee, ni nyingi sana."

Hapo nikamweleza kwamba ndivyo tunavyofundishwa. Msimamizi wetu hutwambia ukianza kugawanya kwa nane mlangoni mwa mtu, hutauza hata nyumba moja. Mzee Bakari akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Jina la mwizi nakuondolea, na Hamadi atakuomba radhi. Lakini wewe uliniona sijui, ukaniacha na ujinga wangu. Nenda kwa kila jirani wa mtaa huu uliyemfungia, umwambie ni sita. Ukimaliza, ami yako na aje."

Nilitoka pale nimefura. Tangazo la hamsini nililiandika mimi? Wakubwa wamekaa ofisini kwenye kiyoyozi, wamechagua kipimo kinachowapa tarakimu kubwa, halafu anayezungushwa mlango kwa mlango kuaibika ni mpanda ngazi. Na wala si uongo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ukiwashitaki watakuonyesha megabiti zao hamsini zimetimia. Wanajua tu kwamba mnunuzi hataigawanya, nao wanaishi kwa hilo. Nami nilikuwa nikiishi kwa hilo. Kumkasirikia msimamizi ni rahisi, Mama, lakini mdomo uliomjibu Mzee ulikuwa wangu.

Nilikwenda. Nyumba kumi na tatu, siku mbili. Wengine walicheka, mmoja alinifungia mlango, na mwalimu mmoja wa madrasa alinikalisha nimwandikie hesabu ile kwenye ubao wake. Nyumba ya mwisho walipiga simu ofisini kulalamika. Jana asubuhi msimamizi aliniita, akasema nimewaharibia mtaa mzima, nirudishe ngazi na mkoba wa vifaa. Nimerudisha. Nilimuuliza kosa langu ni lipi katika hesabu, akaniambia hesabu haina kosa.

Nisalimie dada yangu Mwanaidi na mumewe, na bibi yetu mwambie dawa yake ya kuchua imo katika kifurushi hiki, apake asubuhi na jioni. Majirani wote wa upande wa kisimani nawapa mkono.

Ami naye msalimie sana, na umwambie asiahirishe safari, Mzee Bakari anamngoja. Ila najua jinsi anavyonipamba akikaa na watu wa posa. Mara hii asinipambe. Akiulizwa kijana wenu afanya kazi gani, ajibu kwamba hana kazi.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Athumani