Dada, Gauni Lako Nimelikata

Mwamkulu, Mpanda
Mwezi wa saba

Dada Yustina,

Gauni lako la maua nimelikata. Naanza na hilo kabla hujalisikia kwa Shangazi, maana aliapa atanishtaki kwako katika sala zake.

Kosa la kwanza ni langu. Siku ya pili ya msiba wako mafuta ya kupikia yaliisha, na nyumba imejaa watu. Nikaichukua ile nusu debe ya alizeti uliyoiweka uvunguni, nikaipeleka kwenye mashine ya mkono. Mafuta yalitoka mpaka wakamuaji wakaniuliza mbegu hii nimeitoa wapi. Nikajibu kwa majivuno, "Ya dada." Nilikuwa nimebeba sufuria ya wali ndipo nikakumbuka kwamba ile ndiyo mbegu yako yenyewe, yote. Nililia kuliko nilivyolia kaburini, na watu wakadhani ni uchungu wa msiba tu.

Nilikuwa nakucheka, nakiri. Tangu mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, sisi tukibishana siasa, wewe ulikuwa ukiponda punje za alizeti kwa chupa juu ya karatasi za daftari. Kila kichwa punje tano, na karatasi yake. Doa la mafuta likitanuka, kichwa kile kinabaki kwa mbegu. Likiwa dogo, tunatafuna. Sisi wengine tulipanda punje kubwa zenye mistari. "Nyie mnapanda maganda," ulisema. "Mafuta yanafuata ukoo, hayafuati unene." Kisha ukavivalisha vichwa vyako mifuko ya kitambaa, kwa sababu mama wa punje tunamjua, lakini baba analetwa na nyuki, na anaweza kutoka shamba la jirani. Asubuhi ulivifunua, ukavisugua viwili viwili uso kwa uso, ukavifunika tena. "Leo naozesha," ulituambia. Kijiji kizima kilisema Yustina anashonea alizeti magauni. Darasa la saba tu, Dada, na hakuna aliyekufundisha! Naona fahari mpaka kifua kinauma.

Sasa sikiliza. Mstari mmoja ulioupanda nyuma ya jiko ulikuwa umefika magotini ulipofariki. Hiyo ndiyo mbegu pekee iliyobaki. Siku ya kugawa nguo zako niliomba lile gauni la maua ulilovaa kanisani kila Pasaka. Shangazi akauliza mwanamume anataka gauni la nini. Nikasema la kushonea mifuko ya alizeti. Akaondoka bila kuaga.

Alizeti zilipokaribia kuchanua, zilikuwa zimevaa gauni lako la Pasaka. Nimeozesha kila asubuhi, watu wakipita wanacheka. Wewe uliwezaje kuvumilia miaka yote ile peke yako?

Wiki iliyopita nilivuna. Nikaponda punje tano kwa chupa yako ileile. Doa likaenda, likaenda, mpaka ukingoni mwa karatasi. Shangazi alikuwa amekuja kututembelea. Aliinua karatasi kwenye mwanga wa mlango, kisha akaenda zake. Jioni alirudi na kanga yako, ile aliyopewa yeye.

"Mwakani hiyo mifuko haitatosha," akasema.

Pumzika, Dada. Mbegu iko uvunguni palepale, na safari hii kila mtu nyumbani anajua ni ya nini. Nyuki wa jirani hawatamgusa hata mmoja wa ukoo wako nikiwa hai.

Mdogo wako,
Deus