Bibi wa Kuni na Baiskeli Yangu

Mjukuu wangu Hemedi,

Huku Ingleburn tu wazima. Mama yako yuko zamu hospitali, mimi naota jua kibarazani. Asante kwa picha za baiskeli yako kwenye milima ya Alpi. Umeniuliza upite barabara kuu au ile tulivu ya vijijini.

Ujanani, kule Lushoto, nilikuwa nateremka mlima kwa baiskeli, kasi kweli kweli, nikamkuta bibi amebeba kuni. Kwetu humpiti mkubwa ukiwa umekaa kwenye baiskeli. Nikashuka, nikampa shikamoo.

“Marahaba, mwanangu. Hapo konani daraja limechukuliwa na maji.”

Hata jina sikumuuliza. Kila anapozaliwa mtoto kwetu, wewe ukiwemo, namshukuru.

Pita ile tulivu. Kwenye barabara kuu utashuka umwamkie nani?

Babu yako